Bodi Isiyoshika Mfuko: Nani Anasimamia Afya na Ustawi wa Jamii Dodoma?

Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, jijini Dodoma, na kurejea kijijini kwao Chamwino au Mpwapwa, matibabu yake hayajaisha. Yamehamia nyumbani. Atahitaji dawa kila mwezi kutoka zahanati ya kijiji, ndugu wa kumkumbusha kuzimeza, chakula, mahali pa kulala, na mtu atakayezungumza na majirani wanaomwogopa. Ni safari moja ya mtu mmoja, lakini kila hatua ina mwenyewe. Mirembe iko chini ya Wizara ya Afya. Zahanati iko chini ya halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais inayoshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Afisa ustawi wa jamii anayepaswa kumfuatilia nyumbani analipwa na halmashauri, ila sera ya kazi yake inatoka Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Ruzuku ya kaya maskini, kama nyumba yao imeandikishwa, inatoka TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii.

Dawa zikikosekana zahanati, kuna wa kuulizwa. Afisa ustawi asipofika, kuna wa kuulizwa. Lakini mgonjwa huyo akiugua upya na kurudishwa Mirembe baada ya miezi minne, nani anaulizwa kwa nini safari nzima imeshindwa? Hapo ndipo penye swali la usimamizi, nalo ni tofauti na swali la uhaba wa watumishi au wa fedha. Uhaba upo, na ni mkubwa. Hata hivyo palipo na uhaba ndipo panapohitajika zaidi chombo kimoja chenye uwezo wa kuamua kilichopo kiende wapi na cha kujibu mbele ya wananchi kwa uamuzi huo.

Chombo cha namna hiyo tunacho kwa jina. Ni Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri. Mkoa wa Dodoma una halmashauri nane: Jiji la Dodoma, Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Mji wa Kondoa, Kongwa na Mpwapwa. Kila moja inapaswa kuwa na bodi yake. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba katika miaka ishirini na zaidi tumeunganisha idara bila kuunganisha mamlaka. Bodi imebaki na wajibu wa kusimamia, huku fedha, watumishi na taarifa vikipita kando yake.

Bodi ilivyozaliwa

Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, kisha zikarejeshwa kwa sheria za mwaka 1982. Mageuzi ya sekta ya afya yalipoanza mwaka 1994, halmashauri zilikuwa changa tena, na wananchi walikuwa wameanza kuchangia gharama za matibabu. Wazo lililotawala lilikuwa la haki: anayechangia awe na sauti. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, halmashauri zilianzisha bodi kwa hati zilizotungwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, na kila hospitali, kituo cha afya na zahanati ikatakiwa kuwa na kamati yake ya usimamizi.

Muundo wa bodi ulifikiriwa vizuri. Ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi wanaotumia huduma, mwenyekiti wa kamati ya madiwani inayoshughulikia huduma za jamii, afisa mipango, wawakilishi wa watoa huduma wa binafsi na wa mashirika ya dini, na mganga mkuu wa halmashauri ambaye ndiye katibu. Kwa Nyanda za Kati, uwakilishi wa mashirika ya dini una uzito wa pekee. Hospitali ya Mvumi ya Kanisa Anglikana, wilayani Chamwino, ilikuwa ikitibu watu miongo mingi kabla bodi hazijafikiriwa. Bodi ndiyo meza ambapo hospitali ya misheni na halmashauri zinaweza kukaa pamoja kama wenye kuamua, badala ya moja kuandikia nyingine barua.

Mwaka 2001 Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, iliipa bodi kitu cha kusimamia kwa kweli. Mfuko huo ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996. Kaya ililipa mchango wa mwaka, serikali ikaongeza, na bodi ikawa mlinzi wa fedha hizo katika halmashauri. Kwa mara ya kwanza mjumbe aliyetoka kijijini aliweza kuuliza swali ambalo mtaalamu alilazimika kulijibu: tulichangia kiasi gani, na kimenunua nini?

Mfuko ulivyopita kando

Mabadiliko mawili, yote mazuri kwa makusudi yake, yaliiondolea bodi nguvu hiyo.

La kwanza lilitoka juu, na lilianzia hapa hapa Dodoma. Kuanzia mwaka 2011, mradi wa Tuimarishe Afya uliofadhiliwa na Uswisi ulisaidia kuijenga upya CHF. Mfuko wa zamani ulikuwa na kasoro ya wazi: mwanachama alitibiwa katika kituo chake tu, na aliyekusanya michango ndiye aliyetoa huduma na ndiye aliyejikagua. CHF iliyoboreshwa ilipeleka usimamizi ngazi ya mkoa, ikatenganisha mnunuzi wa huduma na mtoaji, na kumwezesha mwanachama kutibiwa nje ya kijiji chake. Mwaka 2018 mtindo huo ulienezwa nchi nzima, kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita katika mikoa mingi. Mwanachama alifaidika. Bodi ya halmashauri ikapoteza mfuko iliokuwa ikiulinda.

La pili lilikuja kutoka chini. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, badala ya kupitia akaunti ya halmashauri. Zahanati ikapata akaunti ya benki, mpango wake, na mfumo wa hesabu wa FFARS. Huu ulikuwa ukombozi. Zahanati nyingi zilikuwa zimezoea kungoja ofisi ya wilaya inunue hata dawa ya kusafishia sakafu. Kamati ya kituo, ambayo awali ilikutana bila cha kuamua, sasa inajadili manunuzi halisi.

Baada ya yote hayo, bodi ya katikati ilibaki na nini? Ilibaki na jukumu la kupitia Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, ambao ukomo wake wa bajeti hupangwa juu, vipaumbele vyake hutoka kwenye miongozo ya kitaifa, na fedha zake huenda kwenye akaunti ambazo bodi haizioni. Hakuna aliyekusudia kuidhoofisha. Kila badiliko liliangalia mfuko wake, na hakuna aliyerudi kuandika upya kazi ya bodi baada ya mifuko kuhama. Matokeo yake ni chombo kinachoonekana kuwa cha hiari. Muda wa wajumbe unapokwisha, halmashauri inaweza kukaa miezi mingi bila kuteua wengine, na shughuli zikaendelea kana kwamba hakuna kilichopungua. Vikao vya robo mwaka vinategemea kama kuna fedha za posho. Mjumbe anakabidhiwa makabrasha asubuhi ya kikao, na mchana anaombwa kuridhia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tatizo la bodi ni pana kuliko hilo, maana daftari lipo na linaandikwa kila siku kwenye mifumo ya kompyuta. Anayepaswa kulisoma kwa niaba ya wananchi ndiye ambaye halijafunguliwa mbele yake.

Ustawi wa jamii: jina mlangoni, fungu hafifu ndani

Upande wa ustawi wa jamii una historia ya kuhamahama. Kwa miaka kadhaa kulikuwa na Wizara ya Afya na Ustawi wa Jamii. Mwishoni mwa 2015 ikaundwa wizara kubwa ya Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Januari 2022 wizara hiyo ikagawanywa: afya ikabaki peke yake, na ustawi ukaenda katika wizara mpya ya maendeleo ya jamii na makundi maalum. Kwenye halmashauri mambo yalikwenda kinyume. Muundo mpya ulioanza kutumika mwaka huohuo ukaweka afya, ustawi wa jamii na lishe katika divisheni moja chini ya mganga mkuu, huku maendeleo ya jamii ikiwa divisheni nyingine.

Juu zikatengana, chini zikaungana, mwaka uleule. Afisa ustawi wa wilaya sasa ana mabwana watatu. Mganga mkuu anampangia kazi na bajeti, TAMISEMI inasimamia ajira na utendaji wake, na wizara ya makundi maalum inamtaka atekeleze sera. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kazi alizokabidhiwa na sheria si ndogo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka awalinde watoto walio hatarini, afanye uchunguzi wa kijamii, na ashiriki mashauri mahakamani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inaweka wajibu wa matunzo, marekebisho na ulinzi. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Kila ahadi kati ya hizo hufika mwisho wa barabara mikononi mwa afisa mmoja ambaye mara nyingi hana chombo cha usafiri. Mpango Kabambe wa Afya una kipengele cha ustawi wa jamii, lakini fungu linalofuata jina hilo huwa la mwisho kufikiriwa na la kwanza kukatwa, kwa sababu dawa zikikosekana kelele husikika siku hiyohiyo, ilhali mtoto asiyefuatiliwa nyumbani hapigi kelele.

Jambo moja linaonyesha kwa nini suala hili ni la usimamizi hasa, na haliishii kwenye bajeti. Mgonjwa asiye na uwezo anapoomba msamaha wa matibabu, afisa ustawi ndiye anayechunguza na kupendekeza. Kila msamaha anaoupitisha unapunguza mapato ya kituo. Anayesubiri mapato hayo ndiye kiongozi wa kituo au wa divisheni anayempangia afisa huyo kazi. Hata watu waadilifu kabisa wakiwekwa katika mpangilio huo, uzito utaegemea upande mmoja. Mgongano wa aina hii hauondolewi kwa semina za maadili. Unaondolewa na chombo cha juu yao wote wawili, chenye kiti cha upande wa ustawi, kinachopokea kila robo mwaka idadi ya maombi ya msamaha, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, na sababu zake.

Kwa hili wakati unatubana. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inataka wasio na uwezo watambuliwe ili wagharamiwe. Zoezi hilo litafanywa vijijini na mitaani, na makosa yake yatakuwa ya aina mbili: maskini aliyeachwa na mwenye nacho aliyeingizwa. Yote mawili yanahitaji mahali pa kukata rufaa palipo karibu na watu. Mahali hapo pasipowekwa katika halmashauri, rufaa ya bibi wa Chemba haitafika popote.

Ugonjwa usiojua mipaka ya idara

Nyanda za Kati zina mifano inayoonyesha kwamba kutenganisha tiba na matunzo ni desturi ya ofisi tu. Maisha ya watu hayakugawanyika hivyo.

Chukua lawalawa. Ni jina linalotumika Dodoma na Singida kwa maambukizi ya sehemu za siri, na kwa miaka mingi wapo walioamini kwamba dawa yake ni kumkeketa mtoto wa kike. Maambukizi yenyewe yanatibika zahanati kwa dawa za kawaida na usafi. Imani iliyoyazunguka haitibiki zahanati. Inahitaji wazee wa mila, ngariba, mama mkwe, mwalimu, polisi wa dawati la jinsia na watoto, na afisa ustawi. Tafiti za kitaifa za afya zilionyesha kwamba wanawake waliokeketwa mkoani Dodoma walikuwa asilimia 47 mwaka 2015/16, na mwaka 2022 wakawa asilimia 18. Ni mabadiliko makubwa, lakini hayapaswi kutulaza. Tendo hili likihamishiwa kwa watoto wachanga, na likafanyika kwa siri, anayeweza kuliona mapema ni muuguzi wa kliniki, na anayeweza kuilinda familia hiyo baadaye ni afisa ustawi. Wasipokuwa na utaratibu mmoja wa kupeana taarifa, mmoja ataona asiweze kutenda, na mwingine ataweza kutenda ila hajaona.

Chukua pia vikope wilayani Kongwa, ugonjwa uliochunguzwa na watafiti tangu miaka ya 1980. Upasuaji wa kope na dawa ni kazi ya afya. Kinga yake ni uso safi wa mtoto, na uso safi unategemea maji, umbali wa kisima, na mzigo wa kazi alionao mama. Hapo tayari idara tatu zimeguswa.

Kisha kuna sumukuvu. Mwaka 2016 watu katika Dodoma na Manyara, wakiwemo wa Chemba na Kondoa, waliugua ini baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu wenye sumu, na watu wapatao 20 walifariki. Hospitali ilikuwa mahali pa mwisho pa mkasa ulioanzia ghalani. Kaya iliyoambiwa itupe mahindi yake yote ilihitaji chakula kingine jioni ileile, na kaya iliyofiwa na mlezi ilihitaji mtu wa kuwaangalia watoto. Katika uwanda ambao ukame ni mgeni wa kila mara, dharura ya afya haiachi kuwa dharura ya ustawi.

Serikali imelitambua hilo mara nyingi, na kila mara ilipolitambua iliunda kamati. Kuna kamati ya kudhibiti UKIMWI, kamati ya lishe, kamati za watu wenye ulemavu, mabaraza ya wazee na kamati za TASAF. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, wa 2017/18 hadi 2021/22, ulifanya jambo la busara: ulikusanya kamati kadhaa za ulinzi zilizokuwa zikifanya kazi zinazofanana, ukaziweka katika mfumo mmoja wa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia kijiji hadi halmashauri. Somo hilo halikuendelezwa. Kijijini, watu walewale wachache, mtendaji, mwalimu mkuu, mganga wa zahanati, wanaitwa katika kamati hizi zote na kuandika mihtasari ya kila moja. Katika halmashauri hakuna meza moja inayoisoma mihtasari hiyo yote kwa pamoja.

Dodoma imewahi kuweza: somo la Jazia

Wanaosema usimamizi wa pamoja hauwezekani katika mazingira yetu wangetazama manunuzi ya dawa. Kabla ya 2014, dawa zilipokosekana Bohari ya Dawa, kila halmashauri ya Dodoma ilihangaika peke yake na wauzaji wengi, kwa oda ndogo, bei tofauti na taratibu ndefu. Mwaka 2014 mkoa ulianzisha mfumo wa mshitiri mmoja, ulioitwa Jazia. Halmashauri zote ziliingia katika zabuni moja ya mkoa, zikampata msambazaji mmoja aliyehakikiwa, na vituo vikaagiza kwake kwa bei zilizokubaliwa pale tu Bohari ilipokosa. Mfumo huo ulisambazwa nchi nzima kuanzia 2018.

Kilichoufanya usimame kinastahili kutazamwa kwa makini. Kwanza, kila halmashauri ilibaki na fedha zake na saini yake, lakini ilikubali kanuni moja. Pili, ofisi ya mkoa ilikuwa na mratibu aliyejulikana kwa cheo, mwenye kazi ya kufuatilia msambazaji. Tatu, kilichopimwa kilikuwa wazi: dawa iliyoagizwa imefika au haijafika, kwa siku ngapi, kwa bei gani. Nne, jukumu la kila mmoja liliandikwa katika mkataba. Halikuachwa kwenye maazimio ya warsha. Jazia haikuhitaji wizara mpya wala bodi mpya. Ilihitaji kanuni ya pamoja, mtu wa kuwajibika na kipimo ambacho hata mwanakijiji angekielewa. Hivyo vitatu ndivyo vinavyokosekana katika kuunganisha afya na ustawi wa jamii.

Uskoti: walichopata na walichokosa

Nchi iliyolipeleka jambo hili mbali zaidi kisheria ni Uskoti. Sheria yake ya 2014 ilizilazimisha mamlaka za afya na serikali za mitaa kuunganisha huduma za afya na matunzo ya watu wazima, na kufikia Aprili 2016 mamlaka zote 31 za pamoja zilikuwa kazini. Thelathini kati yake zilichagua mfumo wa bodi ya pamoja. Eneo la Highland pekee lilichagua kuigawa kazi kati ya taasisi mbili. Katika bodi, pande mbili zina kura sawa. Ofisa mkuu wa ustawi wa jamii, wafanyakazi, wagonjwa na ndugu wanaowatunza wana viti, ingawa bila kura. Kuna mtendaji mkuu mmoja na mpango mkakati mmoja.

Yapo ya kujifunza hata katika upungufu wao. Wakaguzi wa hesabu za umma wa Uskoti wamerudia kwa miaka kwamba bodi nyingi zilipata bajeti zikiwa zimechelewa, kwamba fungu la hospitali lililopaswa kuwa mikononi mwao halikuachiliwa kwa kweli, na kwamba watendaji wakuu walibadilika mno. Baadaye serikali yao ilitaka kuunda huduma moja ya taifa ya matunzo, na Januari 2025 ikaachana na sehemu kuu ya mpango huo. Kwa hiyo sheria nzuri, kura sawa na jina la bodi havikutosha pale mwenye fedha alipoendelea kuzishika. Tusinakili muundo wao, kwani wana maafisa ustawi wengi na sisi hatuna. Tuchukue onyo lao: bodi inapimwa kwa uamuzi inaoweza kuubadilisha.

Pingamizi zenye uzito

Pingamizi la kwanza ni la kidemokrasia. Madiwani wamechaguliwa kwa kura, na wajumbe wa bodi wameteuliwa. Kwa nini aliyeteuliwa aamue? Jibu ni kwamba bodi haiwezi na haipaswi kulipokonya Baraza la Madiwani bajeti. Inachoweza ni kulipa baraza uamuzi uliochambuliwa, kwa sababu diwani mwenye barabara, shule na masoko ya kushughulikia hana muda wa kusoma taarifa za zahanati zote. Uzito wa bodi utatokana na baraza kulazimika kujibu kwa maandishi linapoukataa ushauri wake.

La pili linatoka kwa watu wa ustawi wenyewe. Wanahofu kwamba ndani ya chombo cha pamoja afya itawameza, maana ndiyo yenye watumishi wengi, takwimu nyingi na wafadhili. Hofu hii ni ya haki. Dawa yake ni kinga ya kisheria kwa mnyonge. Tuna mfano wetu. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya dosari za usimamizi, ukarejeshwa kwa kanuni mpya. Licha ya dosari hizo, umethibitisha jambo moja: fungu lililoandikwa katika sheria hurudi mezani hata likiondolewa, na lisiloandikwa hufa kimya.

La tatu ni gharama. Tuna vikao vingi tayari. Ndiyo maana pendekezo la kuongeza bodi nyingine lingekuwa kosa. Kinachotakiwa ni kupunguza.

Nini kifanyike

Miongozo mingi inayohusika inaandikwa Dodoma, katika ofisi za TAMISEMI na za wizara zilizohamia Mji wa Serikali Mtumba. Kati ya madawati hayo na zahanati za Chamwino hakuna umbali wa kusingizia. Mkoa huu unafaa kuwa wa kwanza kujaribu, kama ulivyokuwa kwa CHF iliyoboreshwa na kwa Jazia.

Hati za bodi ziandikwe upya, ziwe Bodi za Afya na Ustawi wa Jamii. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri awe mjumbe kwa haki ya cheo chake na aripoti kwenye bodi moja kwa moja, bila taarifa yake kupita kwanza kwa katibu. Watu wenye ulemavu, wazee, na familia zinazotunza wagonjwa wa muda mrefu wawe na viti vyao miongoni mwa wawakilishi wa wananchi. Wanaotunza ndio wanaofanya kazi nyingi kuliko idara zote, na hawajawahi kuulizwa.

Kamati za halmashauri zinazogusa lishe, ulinzi wa watoto, ulemavu na wazee zigeuzwe kuwa kamati ndogo za bodi hiyo. Zibaki na majukumu yao ya kisheria, lakini ziwe na kalenda moja, sekretarieti moja na taarifa moja ya robo mwaka.

Mpango Kabambe wa Afya uwe na kima cha chini kinacholindwa kwa ajili ya ustawi wa jamii, kisichohamishwa bila ridhaa ya bodi iliyoandikwa. Kiwango chake kipangwe baada ya kuhesabu kazi halisi: mashauri ya watoto, ufuatiliaji wa waliotoka Mirembe, uchunguzi wa maombi ya msamaha.

Bodi ipewe haki ya kuona hesabu za vituo vyote kwenye mfumo wa FFARS, bila mamlaka ya kugusa fedha hizo. Kamati za vituo ziendelee kuamua. Kazi ya bodi iwe kulinganisha, kuuliza, na kutoa taarifa kwa umma kuhusu kituo kinachofanya vizuri na kile kilichokwama. Wajumbe wafundishwe kusoma hesabu na mipango kabla ya kikao cha kwanza. Chuo cha Serikali za Mitaa kipo Hombolo, ndani ya Jiji hilihili.

Mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliozinduliwa Januari 2024 kwa lengo la wahudumu 137,294 nchi nzima, uwe macho ya bodi. Wahudumu hao watapita nyumba kwa nyumba wakiona mtoto mwenye udumavu, mzee aliyeachwa peke yake na mgonjwa wa akili aliyefungiwa ndani, yote katika ziara moja. Wanachokiona kikigawanywa tena katika fomu za idara tofauti, tutakuwa tumewafunza watu kwa maelfu ili kuendeleza mgawanyiko uleule.

Mwisho, wizara mbili na TAMISEMI ziandike waraka mmoja wa pamoja unaomtaja mwenye kuwajibika katika halmashauri kwa matokeo ya afya na ustawi kwa ujumla wake. Awe mkurugenzi wa halmashauri, kwa sababu ndiye mkuu wa mganga mkuu na ndiye mkuu wa afisa maendeleo ya jamii. Waraka huo hauhitaji fedha mpya. Unahitaji watu watatu wenye mamlaka wakubali kwamba kila mmoja wao ameshika sehemu ya kazi isiyokamilika bila wenzake.

Baada ya hapo bodi ipimwe kwa maswali machache yanayojibika, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kata kila robo mwaka. Wagonjwa wangapi wa akili waliorejea vijijini wamepata dawa miezi yote mitatu? Maombi mangapi ya msamaha yamekataliwa, na kwa nini? Watoto wangapi waliripotiwa kuwa hatarini, na wangapi walitembelewa ndani ya wiki? Bodi itakayoweza kuyajibu itakuwa imestahili jina lake. Itakayoshindwa, wananchi wa Kongwa na Bahi watakuwa na haki, na watakuwa na ushahidi, wa kudai iundwe nyingine.